Kizuri Hakijiuzi

Asante, Mwenyekiti. Wenzangu, leo naanza kwa kugombana na wahenga. Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitu vingi walisema kweli. Kwa vifaa vinavyoongea kwa mawimbi ya redio, methali hii imepoteza wahandisi wazuri na fedha nyingi, na inaniuma kwa sababu nimelisema jambo hili miaka na miaka, na bado kila ninapoalikwa naletewa jedwali la kasi. Safu hii megabiti kadhaa, safu ile megabiti kadhaa. Kisha naulizwa: mwalimu, teknolojia ipi itashinda?

Jedwali hilo haliwezi kujibu swali. Kisu kizuri kinakata hata kikiwa peke yake duniani. Redio haiko hivyo. Kifaa kinachotuma data hewani kinahitaji mwenzake upande wa pili anayeelewa lugha ileile, na akikosekana, kasi yake yote ni kelele tu. Kwa hiyo mnunuzi anaponunua kifaa kama hicho, ananunua pia vifaa vingine vyote ambavyo kitaweza kuongea navyo. Hapo ndipo soko hugawanywa.

Nipeni nafasi nisimulie kisa changu cha siku zote. Mliokwisha kukisikia, nivumilieni. Kuna mahali ambapo huwa napita mbiombio, na leo nitapasimamia.

Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya mawasiliano vitumie bila leseni bendi kadhaa ambazo watu waliziona kama jalala la masafa. Mojawapo ni ile ya gigahetsi 2.4, ambamo hata matanuri ya maikrowevu hufanyia kazi. Kampuni ya NCR, watengenezaji wa mashine za kupokelea fedha madukani, ikaona mwanya: duka likipangwa upya, mashine zihamishwe bila kung'oa nyaya. Wahandisi wake wa Uholanzi wakaingia kazini, na mmoja wao, Vic Hayes, ndiye aliyekuja kuongoza kamati yenye namba 802.11 ya IEEE, taasisi ya wahandisi inayoandika viwango; humo ndimo ilimozaliwa ile mnayoiita leo Wi-Fi. Kamati iliundwa mwaka 1990. Kiwango, yaani kanuni za jinsi vifaa vitakavyoongea, kikatoka mwaka 1997. Miaka saba! Na kilipotoka kilikuwa na njia tatu tofauti za kutuma data, moja ikiwa ya mwanga wa infraredi. Vifaa viwili vingeweza kufuata kiwango kilekile, vyote kwa uaminifu, na bado visisikilizane.

Mwaka uliofuata, 1998, likajitokeza kundi jingine la kampuni, na mfumo wake wa redio kwa ajili ya nyumbani: HomeRF. Sikilizeni majina yaliyokuwemo: Compaq, Hewlett-Packard, IBM, Intel, Microsoft, Motorola. Ukiangalia orodha hiyo unasema vita vimekwisha kabla ya kuanza. Hoja yao nayo haikuwa ya kitoto. Walisema ofisi ni ofisi na nyumba ni nyumba. Familia inataka kitu cha bei nafuu, kinachobeba data na sauti ya simu pamoja. Na kweli, HomeRF ilibeba sauti vizuri, jambo ambalo mshindani wake hakuwa amelifikiria kwa makini. Kwa mhandisi anayeijua kazi yake, ilikuwa kazi nzuri.

Upande wa pili, mwaka 1999, IEEE ikapitisha 802.11b, megabiti 11 kwa sekunde. HomeRF ya kwanza ilikuwa na megabiti 1.6. Najua tayari kuna mtu hapa anasema moyoni: basi si umekwisha kujijibu, kasi ndiyo iliyoamua. Hapana. Mwaka 2000 FCC ililegeza kanuni, na mwaka 2001 HomeRF ikafika megabiti 10. Pengo likazibika. Nani alirudi? Hakuna. Na kama hilo halitoshi, mwaka huohuo wa 1999 IEEE ilipitisha pia 802.11a, ndugu wa damu wa 802.11b, mwenye megabiti 54. Karibu mara tano! Ndugu huyo alitumia bendi ya gigahetsi 5, chipu zake zikachelewa kufika sokoni hadi mwaka 2001, na alipofika akakuta kila mtu ana kadi ya redio ya 2.4 isiyoweza kumsikia. Akabaki maofisini kwa wachache. Kasi ileile ya megabiti 54 ilikuja kupendwa mwaka 2003 katika 802.11g, kwa sababu hiyo ilirudi kwenye bendi ya 2.4 na ikakubali kuongea na vifaa vya zamani. Megabiti ni zilezile 54. Moja ilikuja na heshima kwa waliotangulia, nyingine haikuja nayo.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya ofisi na nyumba, maana hapo ndipo HomeRF ilipovunjikia. Walichora ramani ya soko, wakaigawa kwa mstari, wakasahau kwamba mtu huvuka mstari huo kila jioni na kompyuta yake ya mapajani mkononi. Kompyuta aliyopewa kazini ndiyo anayorudi nayo nyumbani, na ndani yake tayari kuna kadi ya 802.11b. Unamwambia anunue mfumo mwingine kwa ajili ya sebuleni? Atakuuliza wa nini. Machi 2001 Intel yenyewe, nguzo ya HomeRF, ilihamia 802.11b kwa bidhaa zake za nyumbani. Januari 2003 kundi likavunjwa. Miezi miwili baadaye, Machi 2003, Intel ikatoa Centrino, ikisema mtengenezaji wa kompyuta anayetaka nembo hiyo lazima aweke ndani chipu yake ya Wi-Fi. Tangu hapo mnunuzi hakuulizwa tena kama anataka Wi-Fi; aliikuta ndani.

Ngoja, nimeruka lile nililoahidi kulisimamia.

Mwaka 1999 kampuni kadhaa, zikiwemo 3Com, Lucent, Nokia na Symbol, ziliunda chama kilichoitwa WECA, ambacho leo mnakijua kama Wi-Fi Alliance. Watu husimulia kwamba walitafuta jina zuri, wakaiajiri kampuni ya Interbrand, wakapewa neno Wi-Fi, na kwamba neno hilo si kifupisho cha kitu chochote. Kweli kabisa, na jina lilisaidia. Nani angeomba dukani 802.11b? Lakini jina ni rangi ya mlango. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba cha majaribio. Mtengenezaji analeta kifaa chake, kinawekwa pamoja na vifaa vya washindani wake, na kinaamriwa kuongea navyo kimoja kimoja. Kikishindwa, hakipati nembo. Fikirini uchungu wa jambo hilo: unakitoa kifaa ulichokificha miezi yote hiyo kikapimwe na cha mshindani wako, ili ithibitike kwamba mteja wako anaweza kesho kukuacha na kununua chake! Mkurugenzi gani wa mauzo anakubali hilo kwa furaha? Wakakubali, kwa sababu walikwisha kuona kiwango cha mwaka 1997 kilivyokuwa na karatasi nzuri na vifaa visivyosikilizana. Kiwango kilichoandikwa ni ahadi, na chumba kile ndicho kinachomshika mtu ahadi yake. Nikiulizwa kitu kimoja kilichoipa Wi-Fi soko, sitataja kasi, sitataja jina, sitamtaja hata Steve Jobs wa Apple akipitisha pete ya plastiki kuzunguka kompyuta ya iBook mwezi Julai 1999 kuonyesha kwamba hakuna waya, ingawa kadi yake ya Wi-Fi ya dola 99 iliwatoa wengi usingizini. Nitataja chumba cha majaribio.

Wahenga haohao niliogombana nao wana methali nyingine: wengi wape. Hiyo naikubali, kwa sharti moja. Wengi ni akina nani? HomeRF ilikuwa na wengi kwenye karatasi, majina makubwa yakatia sahihi. Majina yanaweza kukaa kwenye vyama vitatu kwa wakati mmoja. Intel ilifanya hivyo. Wengi wanaohesabika ni vifaa vilivyo mikononi mwa watu leo, vinavyosikilizana leo.

Hapa kila mara mtu husimama na Betamax, zile kanda za video za zamani. Tuimalize. Mnasema Betamax ya Sony ilikuwa bora, ikashindwa na VHS ya JVC, kwa hiyo soko ni kipofu. Mimi nauliza: bora kwa kipimo cha nani? Betamax ilitoka mwaka 1975 na kanda ya saa moja. VHS ikatoka mwaka 1976 na kanda ya saa mbili. Filamu nzima haiingii ndani ya saa moja. Kwa mtu anayetaka kurekodi filamu akiwa hayupo nyumbani, picha safi zaidi ya nusu ya filamu ni nini? Kisha JVC ikapata wengi wa kuitengeneza VHS, Sony ikabaki na wachache. Mwaka 1988 Sony wenyewe wakaanza kutengeneza mashine za VHS. Soko halikuwa kipofu hata kidogo. Lilipima kitu ambacho wahandisi hawakukiandika kwenye jedwali lao, yaani yale mambo mawili, muda na wenzio.

Sasa UWB, redio ya masafa mapana, ambayo inanihuzunisha kuliko zote. FCC iliiruhusu Februari 2002: mawimbi dhaifu sana yaliyotandazwa kwenye masafa mapana, megabiti 480 kwa umbali wa mita tatu. Kamati ya IEEE ikagawanyika kambi mbili, kila kambi na njia yake, na kanuni ikataka asilimia 75 ya kura. Hakuna kambi iliyofika. Wakapiga kura, wakarudia, wakabishana, na Januari 2006 kamati ikavunjwa bila kiwango. Miaka ile ndiyo Wi-Fi ilikuwa ikijaa ndani ya kila kompyuta! Hakuna mshindani aliyewashinda. Walijizuia wenyewe mlangoni hadi sherehe ikaisha. Na mnaosema teknolojia mbaya hufa, angalieni: mwaka 2019 UWB ilirudi ndani ya iPhone 11, ikiwa na kazi tofauti kabisa, kupima umbali na mwelekeo wa kifaa kingine. Redio ilikuwa nzima muda wote. Makubaliano ndiyo yaliyokosekana.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nakimbia. WiMAX, intaneti ya redio ya masafa marefu: ilitangulia sokoni, Intel tena ikiwa mbele. Mshindani wake LTE, ile mnayoiita 4G, ilifunguliwa kibiashara Stockholm na Oslo Desemba 2009, ikiwa imechelewa miaka. Ikashinda, kwa sababu kampuni za simu zilizokuwa na mitandao ya ukoo wa GSM ziliiona kama hatua inayofuata ya njia waliyomo, na Verizon ya Marekani, ambayo haikuwa ya ukoo huo, nayo ikaichagua. Anayekuja wa kwanza ana faida iwapo tu anayekuja wa pili hana jamaa. Kwa kisa hiki peke yake ningeweza kuzungumza saa nzima, lakini tuendelee.

Bluetooth, sentensi mbili. Mwaka 1998 kampuni tano, Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, zilikubaliana kwamba mwanachama anapata haki ya kuitumia bila kulipia hataza zao, na toleo la kwanza lilikuwa na kasoro nyingi za kusikilizana. Kasoro zilirekebishwa kwa sababu wanachama walikuwa bado wako mezani.

Kuchaji bila waya: kambi zilikuwa tatu, kila moja na kiwango chake, na mbili ziliungana mwaka 2015 dhidi ya ya tatu, Qi. Septemba 2017 Apple ikaweka Qi ndani ya iPhone 8, na Januari 2018 Powermat, kiongozi wa upande wa pili, akajiunga na chama cha Qi. Miezi minne. Kuna atakayesema: kwa hiyo anaamua mkubwa. Mkubwa anaharakisha, nakubali. Lakini tazameni mkubwa huyohuyo: mwaka 2023 alikubali mpango wake wa sumaku za kushikia chaja, MagSafe, uwe msingi wa Qi2, toleo jipya la Qi, kwa kila mtu, na mwaka huohuo iPhone 15 ikaja na tundu la USB-C, baada ya Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya chaja moja ambayo ingeanza kutumika mwishoni mwa 2024. Hata yeye hakuweza kubaki kisiwani milele.

Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu setilaiti. Naiacha. Vijana mnaobuni vifaa, ombi langu ni hili tu: mkirudi maabara, kabla hamjaongeza megabiti nyingine, chukueni kifaa cha mshindani wenu, kiwekeni mezani pembeni ya chenu, viwasheni vyote viwili, muone kama vinasalimiana. Kama havisalimiani, kazi ya wiki ijayo mnaijua.

Sasa maswali. Tuanze na kijana yule wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Betamax.