Watoto wa Nge: Wakishashuka Mgongoni Ndo Kazi Inaanza

JUMA: Haya karibuni tena, leo tunaongea nge, na sio kuua nge, kuzalisha nge. Najua kuna watu hapo wameshanyoosha mkono wazime, tulieni kwanza. Dada Tatu anza na hili manake meseji zimejaa, watu wanauliza mayai ya nge yanawekwa wapi.

TATU: Hahaha, hakuna mayai kaka. Nge anazaa. Jamii zote tunazozijua zinazaa watoto hai, wanatoka weupee, wadogo, laini, mama anakunja miguu ya mbele anawadaka, afu wao wenyewe wanapanda mgongoni. Ukisubiri mayai utasubiri sana.

JUMA: Na mimba yenyewe sio ya wiki mbili.

TATU: Thubutu! Nge ni miezi. Chukua yule mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, Pandinus imperator, wengi wanamuita nge mfalme, yule miezi saba, nane, tisa ni kawaida, na anakokaa pakiwa na baridi inaweza ikafika mwaka na zaidi. Sababu ipo. Kwa jamii yake kijusi hakina kiini cha yai cha kujilia, kila kimoja kinakaa kwenye kijifuko chake humo tumboni na mama anakilisha humohumo, kinafyonza kwa mdomo. Kwahiyo mama akilala njaa, wote wamelala njaa. Ndo maana nasema jike akishapandishwa mlishe vizuri, usimuangalie tu ukasema mbona huyu kanenepa bure.

JUMA: Turudi nyuma, kupandisha. Unajuaje huyu dume huyu jike, manake mimi kwa juu naona wote wamenuna tu.

TATU: Angalia tumboni, nyuma ya miguu ya mwisho, kuna vitu viwili kama vichanuo. Vya dume ni virefu na vina meno mengi kuliko vya jike wa jamii hiyohiyo. Na jamani usimshike ukamgeuza, muweke kwenye kopo la plastiki linaloonyesha uchungulie kwa chini. Sasa ukishawapata, kitu ambacho wengi wanasahau ni sakafu.

JUMA: Sakafu?

TATU: Eeh. Dume wa nge hampandi jike. Anamshika magando, wanatembea nae, mbele nyuma mbele nyuma, inaweza kuwa dakika chache inaweza kuwa masaa, hapo anatafuta sehemu ngumu iliyo bapa agandishe kifuko cha mbegu kisimame, afu anamvuta jike apite juu yake akipokee. Sasa wewe umemwaga udongo laini tenki zima, atakigandisha wapi? Weka jiwe bapa, weka kipande cha gome. Watu wanalaumu dume eti mvivu kumbe hana pa kufanyia kazi.

JUMA: Ndo ile wanaita dansi.

TATU: Dansi lenye vurugu, kuna jamii dume anamchoma jike na mwiba kabisa katikati ya shughuli. Jike awe ameshiba kabla hujawakutanisha, na wakimaliza mtoe dume, asije akageuka chakula cha jioni.

JUMA: Haya miezi imepita, tumbo limetanuka mpaka ngozi ya katikati ya pingili inaonekana, asubuhi unakuta mgongo umejaa watoto. Mtu wa kawaida hapo anafanya nini? Anafungua, anapiga picha, anasogeza mama pembeni awahesabu...

TATU: Na mama anaanza kuwala. Kabisa. Nge mwenye watoto akisumbuliwa, au akikosa maji, au njaa imembana, anakula watoto, na huwezi kumlaumu. Mimi hapo tenki linafunikwa na kitambaa, maji yapo kwenye kisahani kifupi chenye vijiwe ili mtoto asizame, basi. Wale weupe hawali chochote, hawawindi, wanaishi kwa akiba waliyozaliwa nayo. Ukimuona mmoja kaanguka muache kwanza, wengi wanapanda wenyewe. Akishindwa, brashi laini ya rangi, msogeze karibu na mama ufunge.

JUMA: Mpaka lini sasa?

TATU: Mpaka wajivue gamba la kwanza, na hilo wanajivulia hukohuko mgongoni. Kwa jamii nyingi ni kama wiki moja hadi tatu, joto likiwa zuri inawahi. Unajua muda umefika vipi? Rangi inaanza kuingia, umbo linakuwa la nge kweli, sio tena kile kidonge cheupe. Na kuna ujanja wa tochi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau unaofanya nge wang'ae gizani, wale weupe wa mwanzo karibu hawang'ai kabisa, wakishajivua na gamba likakaza wanaanza kung'aa ule ukijani. Ila usiwamulike kila saa bana, hawapendi.

JUMA: Sasa hapa mimi na wewe tunagombana kila siku. Mimi nasema waache na mama, wewe unataka kuwatoa.

TATU: Mimi nasema inategemea ni nge gani! Mfalme na wale wa msituni wa Asia, Heterometrus, unaweza kuwaacha, watoto wanakaa na mama, anaua mdudu na wao wanakuja kung'ata hapohapo, raha tu kuangalia. Lakini jamii ya Buthidae, wale magando membamba mkia mnene, wakishaanza kushuka toa, kila mtu na kopo lake, la sivyo kesho unahesabu pungufu na mmoja kanenepa.

JUMA: Sawa hapo nimekubali, nusu.

TATU: Nusu inatosha. Na hao Buthidae ndo kuna wale hatari wenyewe, Androctonus, Leiurus, sumu yao inaua mtu, na mtoto wake akishajivua gamba la kwanza akashuka mgongoni tayari ana vifaa vyote. Fikiria watoto thelathini wa saizi ya punje ya mchele na kifuniko kimoja hakijakaza. Mtu anayeanza asizalishe hao, sijali ana shauku kiasi gani, na kama nyumbani kuna mtoto mdogo ndo kabisa.

JUMA: Haya wako kwenye makopo, wanakula nini? Manake hapa ndo wengi wanafia.

TATU: Wanakula kidogo kuliko unavyodhani. Nyenje wachanga kabisa, nzi wa matunda wale wasioruka, au mende mdogo umemuua na kumpasua, paja lake unaliacha karibu na gome, mtoto analikuta usiku. Mdudu hai asimzidi yeye ukubwa. Mara moja au mbili kwa wiki basi, na mabaki toa kesho yake sababu ukungu ukianza kwenye kopo lisilo na hewa humuoni tena. Chini kokopiti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu upande mmoja, upande mwingine mkavu, achague mwenyewe. Joto nyuzi 25 mpaka 30 wengi wanaenda vizuri, ila pedi ya joto ibandike ubavuni, usiweke chini, nge akiona joto anachimba kwenda chini, sa chini ndo kwenye moto wenyewe, unampika.

JUMA: Na akigoma kula?

TATU: Muangalie tumbo. Kanenepa, kalegea, hataki kula, huyo anaenda kujivua. Hapo toa kila mdudu hai, nyenje anamtafuna nge aliye laini bila aibu. Ongeza unyevu kidogo. Na hata nge wa jangwani anahitaji unyevu wakati huo, watu hawaelewi, yule Hadrurus arizonensis wa jangwa la Marekani anachimba shimo refu, na chini ya shimo kuna unyevu kuliko juu, wewe umempa mchanga mkavu sentimita tatu afu unashangaa mbona watoto wanakwama kwenye gamba. Ndo maana yule kumlea mpaka ukubwa ni shughuli hata kwa wazoefu. Akishatoka usimlishe siku kadhaa, mpaka akaze.

JUMA: Na atajivua mara ngapi mpaka awe mzima?

TATU: Jamii nyingi ni kama mara tano mpaka saba, na kila moja ni mtihani. Kupoteza wachache ni kawaida. Ila kabla ya yote hayo jua watakwenda wapi, manake mfalme mmoja anaweza kukuachia ishirini au thelathini, na yupo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, Kiambatisho cha II, kuwavusha mpaka kunahitaji vibali.

JUMA: Swali la mwisho la msikilizaji. Anasema jike wake alimpata akiwa mzima, yuko peke yake muda mrefu, hajawahi kuona dume, kazaa. Anataka kujua ni muujiza au nini.

TATU: Uwezekano mkubwa alikuja na mimba, si tumesema inaweza kuzidi mwaka. Au alipandishwa huko nyuma, kuna majike wanatunza mbegu na kuzaa tena bila dume mwingine. Na kuna wachache wanazaa bila dume kabisa, Tityus serrulatus wa Brazil ndo anajulikana sana kwa hilo, na yule ni hatari. Kwahiyo swali langu kwake, wewe unajua una nge gani? Kama hujui usiingize mkono humo, piga picha ukiwa nje ya kioo umpelekee anayejua, na makopo anza kutoboa leo, sio wakishashuka.