Moshi wa Misitu Inayoungua: Mhadhara kwa Wazungumzaji wa Kiswahili wa Portland

Wazee wetu, kina mama, kina baba, na vijana, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza. Mimi ni muuguzi, na leo nitazungumza juu ya moshi unaotufikia hapa Oregon misitu inapoungua. Wapo kati yenu waliokuwa hapa Septemba 2020. Wengi mmefika baadaye, kutoka Nyarugusu, kutoka Kakuma, kutoka Nairobi, na hamkuiona wiki ile. Naanza nayo.

Usiku wa Septemba 7, upepo mkali na mkavu ulivuma kutoka mashariki ukaikuta misitu ya milima ya Cascade imekauka. Kwa siku chache ziliungua takriban hekta 400,000. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliteketea. Miji midogo kama Detroit ya hapa Oregon na Blue River ilibaki majivu, na kule kusini mji wa Talent na jirani yake Phoenix ilipoteza mitaa mizima. Moto wenyewe haukufika Portland. Moshi ulifika, ukatua, ukakaa zaidi ya wiki. Kipimo cha ubora wa hewa, ambacho siku njema huwa chini ya 50, kilipita 400. Kwa siku kadhaa jiji hili lilikuwa miongoni mwa yenye hewa chafu kuliko yote duniani.

Ndipo nilipoanza kusikia kauli ambayo naisikia hadi leo, majumbani na kliniki: "Muuguzi, sisi tumekulia kwenye moshi. Tumepikia kuni tangu utotoni. Huu utatufanya nini?"

Naiheshimu kauli hiyo kwa sababu najua inakotoka. Mama aliyelea watoto saba kando ya mafiga, halafu akavuka mipaka mitatu kwa miguu, haogopi ukungu wa rangi ya chungwa dirishani. Lakini nawaomba mnisikilize: mapafu hayazoei moshi. Macho huzoea, pua huzoea, tunaacha kukohoa kila mara. Mapafu yanaendelea kuumia kimyakimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa ile ya kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo aliyepikia kuni miaka thelathini asijihesabu kuwa ana kinga. Yeye ameshaumia kiasi, na moshi wa hapa unamwongezea. Akiwa na kikohozi kisichoisha au pumzi fupi akipanda ngazi, awe wa kwanza kulindwa nyumbani kwake.

Kinachodhuru zaidi ni chembe ndogo mno, zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu mara thelathini ya chembe hiyo. Vumbi kubwa hunaswa puani, ukapiga chafya likatoka. Chembe hizi hupita puani, hupita kooni, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana siku za moshi hatupokei wagonjwa wa pumu tu, bali pia watu wenye shambulio la moyo na kiharusi. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu, ukilinganisha na uzito wao, wanavuta hewa nyingi kuliko sisi na mapafu yao bado yanakua. Wajawazito, wazee, na wenye kisukari au ugonjwa wa moyo nao wako kundi hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Kule nyumbani, jiko likifuka moshi, tunafungua mlango na dirisha. Tumelifanya hilo maisha yetu yote na lilikuwa sahihi, kwa sababu moshi ulikuwa ndani na hewa safi ilikuwa nje. Hapa mambo yamegeuka. Moshi uko nje, na kila dirisha unalofungua unaukaribisha. Nimeingia nyumba za watu siku za moshi nikakuta madirisha yote wazi "ili hewa ipite". Mazoea mema ya kule ndiyo yanayotudhuru hapa.

Lakini kufunga peke yake hakutoshi. Nyumba zetu nyingi ni za kupanga, za zamani, zina nyufa kwenye madirisha na chini ya milango. Saa chache baada ya moshi kutanda, hewa ya ndani inaanza kufanana na ya nje. Kwa hiyo mnafunga, kisha mnachuja. Na kwa kuwa kuchuja nyumba nzima ni gharama, mchague chumba kimoja.

Chagueni chumba chenye madirisha machache, kinachotosha familia kulala. Fungeni madirisha, wekeni taulo chini ya mlango, na humo ndani washeni mashine ya kuchuja hewa mchana na usiku. Mtoto mwenye pumu alale humo. Bibi mwenye ugonjwa wa moyo ashinde humo. Msihangaike na sebule.

Mashine ya dukani iwe na chujio la aina ya HEPA, linalonasa karibu chembe zote ndogo, na iwe na nguvu inayolingana na ukubwa wa chumba. Maelezo hayo huandikwa kwenye boksi lake. Msinunue kabisa zinazotengeneza gesi ya ozoni, hata muuzaji akiwaapia. Ozoni yenyewe hudhuru mapafu. Kama jengo lenu lina mfumo wa kupasha au kupoza nyumba nzima, mwombeni mwenye nyumba aweke chujio lenye alama ya MERV 13, yaani la daraja linalonasa chembe ndogo mno, kama mfumo unalimudu, na feni yake iachwe ikizunguka muda wote. Na angalizo kwa wenye kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja la kutoa joto dirishani: kile hutoa hewa ya chumbani nje, na hewa ya kufidia huingia kupitia nyufa, pamoja na moshi. Kikitumika, mashine ya kuchuja iwe inafanya kazi pembeni.

Asiyeweza kununua mashine atengeneze. Mwaka 2020, wakati wa korona, Richard Corsi, mhandisi aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Portland State, hapahapa mjini kwetu, alitoa wazo la kufunga machujio kadhaa kwenye feni ya kawaida. Jim Rosenthal wa Texas, mtu wa kiwanda cha machujio, akalitengeneza. Boksi hilo la machujio na feni linaitwa kwa majina yao mawili, Corsi-Rosenthal, na limepimwa na watafiti likaonekana linafanya kazi kweli. Gharama yake kwa kawaida haifiki dola 100. Ninafurahi kila ninapolieleza, kwa sababu ni kinga ambayo familia iliyofika mwezi jana inaweza kuimudu.

Mnahitaji feni ya boksi ya inchi 20, machujio manne ya MERV 13 ya inchi 20 kwa 20, utepe mpana wa gundi, na katoni. Simamisheni machujio manne yawe kuta za mchemraba. Kila chujio lina mshale unaoonyesha hewa inakokwenda. Mishale yote ielekee ndani. Chini pawe katoni. Juu pawe feni, imelazwa ikipuliza kwenda juu. Fungeni viungo vyote kwa utepe pasibaki upenyo. Kisha kateni katoni yenye tundu la duara katikati muibandike juu ya feni kufunika zile pembe nne, kwani hewa hurudi nyuma kupitia pembe hizo. Feni iwe imetengenezwa mwaka 2012 au baadaye, maana hizo zina kinga ya kuzuia kuwaka zikipata joto kupita kiasi. Machujio yakigeuka ya kijivu au kahawia, badilisheni.

Mkishakisafisha chumba, msikichafue wenyewe. Siku za moshi si siku za kukaanga mandazi au samaki. Chemsheni, ugali na maharage vinatosha. Msichome udi wala ubani, msiwashe mishumaa, na asivute mtu sigara ndani. Kwa kina mama wa mwambao najua chetezo ni sehemu ya nyumba. Kipumzike wiki hiyo tu.

Kuna hali moja ambapo kufunga kunaweza kuua, nayo ni joto. Juni 28, 2021, Portland ilifika nyuzi 46.7 za Selsiasi. Wengi waliokufa hapa kwetu siku zile walikuwa wazee, wakiishi peke yao, bila kiyoyozi. Kama kuna moshi na nyumba imekuwa tanuri, msijifungie humo. Joto huua haraka kuliko moshi. Nendeni maktaba au dukani kwenye majengo makubwa yenye hewa iliyopozwa na kuchujwa, au pigeni 211, namba ya simu ya kuulizia huduma za jamii, muulize vituo vya kupumzikia viko wapi. Mtaje neno Swahili mpewe mkalimani. Wenye Oregon Health Plan, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, waulize pia: tangu Machi 2024 mpango huo umekuwa ukiwapa wagonjwa wenye sifa mashine za kuchuja hewa na viyoyozi.

Barakoa: ya kitambaa haizuii chembe hizi. Mtandio hauzuii, hata ukiulowesha maji. Inayofaa ni N95, yenye mikanda miwili, mmoja juu ya masikio na mmoja chini, na kile kibati kibanwe puani. Hewa ikipita pembeni, hujavaa kitu. Mwenye ndevu ajue itamsaidia kidogo, hivyo kinga yake kubwa ni chumba. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivalishwe barakoa yoyote.

Wanaofanya kazi nje, wa mashambani, wa ujenzi, wa bustani, wasikilize hapa. Oregon ina kanuni tangu 2022: kipimo cha ubora wa hewa kikifika 101, mwajiri lazima awape barakoa za N95 bila malipo, na lazima awe amewafundisha kuhusu moshi kwa lugha mnayoielewa. Kiswahili kimo. Mkiripoti kwamba kifua kinabana, hana ruhusa ya kuwaadhibu. Nimeona vijana wetu wakinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Msinyamaze.

Kipimo chenyewe mnakiona bure kwenye simu, katika tovuti ya AirNow, sehemu ya ramani ya moto na moshi. Fuateni rangi. Njano, mwenye maradhi ajiangalie. Rangi ya chungwa, kuanzia 101, watoto, wazee na wagonjwa wapunguze kuwa nje. Nyekundu, kuanzia 151, kila mtu apunguze, na mechi za shule za nje huahirishwa. Basi na sisi tusiwapeleke watoto bustanini kucheza mpira jioni hiyohiyo. Zambarau na zaidi ya hapo, kaeni chumbani.

Mwenye pumu ahakikishe inhela yake haijaisha kabla ya Julai, asingoje moshi uonekane. Akitumia inhela na pumzi isirudi, au midomo ikibadilika rangi, au mtu akipata maumivu ya kifua, akachanganyikiwa, uso ukapinda upande mmoja, pigeni 911 papo hapo. Msisubiri asubuhi, wala msiwaze Kiingereza. Semeni "Swahili" na anwani yenu.

Moshi ukiondoka na kipimo kikirudi kijani, fungueni madirisha yote nyumba ipumue. Majivu msiyafagie makavu, yatapanda hewani. Futeni kwa kitambaa kibichi, mkiwa na barakoa.

Mezani pale nyuma kuna feni tatu, machujio kumi na mawili na utepe. Tugawanyike makundi matatu, kila kundi litengeneze moja, na vijana washike mkasi. Maboksi yakikamilika yataondoka leo na familia zenye watoto wenye pumu; wazazi hao wanione kabla hatujaanza ili nijue vyumba vyao vina ukubwa gani.