Kuitwa Kabla ya Uamuzi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika kuzungumzia hadhi ya mawasiliano ya kimkakati ndani ya taasisi. Niwapeleke moja kwa moja kwenye karatasi moja.

Miaka kadhaa iliyopita, Ijumaa jioni, niliitwa kwa bosi wangu. Mezani palikuwa na barua ya kupunguza wafanyakazi, imeshasainiwa na muhuri umeshagongwa. Nikaambiwa, "Hii inatoka Jumatatu. Hebu ilainishe lugha kidogo." Nikaisoma mara mbili. Aya ya tatu ilisema mafao yatalipwa "kwa wakati muafaka". Nikauliza, wakati muafaka ndio lini? Waliokuwepo wakatazamana. Tarehe hakuna aliyekuwa nayo. Barua ile ilikuwa imepita kwa mwanasheria, kwa mhasibu na kwa watu wa rasilimali watu, na wote ni mahiri katika kazi zao. Lakini hakuna aliyejiweka mahali pa mtu atakayeifungua Jumatatu saa mbili asubuhi. Nikafanya nilichotumwa: nikalainisha. Jambo hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu Jumatatu mtu wa kwanza kunyoosha mkono aliuliza tarehe, na mimi ndiye niliyesimama mbele yake bila jibu.

Ndiyo maana ninapoulizwa hadhi ya mawasiliano ya kimkakati ikoje ndani ya taasisi, siangalii cheo kilichoandikwa mlangoni. Nauliza: huyu mtu huitwa lini? Mawasiliano ya kimkakati ni taasisi kuwasiliana kwa makusudi ili itimize dhamira yake. Neno zito hapo ni makusudi. Utakuwaje na makusudi katika jambo ulilolisikia likiwa limekwisha?

Tazameni historia. Mwaka 1906 treni ilitumbukia majini huko Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Siku zile kampuni za reli zilikuwa na desturi ya kuficha ajali. Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa mshauri wa kampuni ya Pennsylvania Railroad, aliishawishi kampuni itoe taarifa ya ajali hiyo kwa wanahabari. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ni hatua ya baada ya tukio.

Anayenigusa zaidi ni Arthur Page. Mwaka 1927 kampuni ya simu ya AT&T ilimwita kutoka kwenye uhariri wa jarida. Akaweka sharti: kama mnataka mtu wa kuandika sifa zenu, siji, nitakuja nikiwa na sauti katika sera ya kampuni. Wakamkubalia, akaingia akiwa makamu wa rais. Ni karibu miaka 100 sasa, na wengi wetu bado hatujathubutu kuweka sharti hilo.

Mwaka 1982 watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sayanidi. Kampuni ya Johnson & Johnson, mmiliki wa dawa hiyo, ikaziondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Darasani kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa taarifa kwa vyombo vya habari. Mimi nakisoma vingine. Mwenyekiti James Burke aliunda kamati ndogo ya kushughulikia janga, na mkuu wa uhusiano wa umma, yaani mtu wa mawasiliano wa kampuni, alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Alikuwemo wakati uamuzi unapikwa. Maneno yalipotoka nje, yalikuwa na kitendo cha kuyabeba.

Wapo wanaosema kitakachotuingiza kwenye vikao vya uamuzi ni leseni ya taaluma. Brazil ilitunga sheria ya taaluma ya uhusiano wa umma mwaka 1967, Nigeria ikaipa taasisi yake ya uhusiano wa umma nguvu ya kisheria mwaka 1990, na nchini Uingereza chama cha wanataaluma hao kilipata hati ya kifalme, yaani utambuzi rasmi wa Malkia, mwaka 2005. Naheshimu juhudi hizo, hasa kwa upande wa maadili. Ila leseni haimfungulii mtu mlango wa kikao cha menejimenti.

Mlango huo, kusema kweli, mara nyingi tumejifungia wenyewe. Tunaingia na ripoti ya habari ngapi zimetoka na watu wangapi wamependa picha zetu, huku wenzetu wakizungumzia madeni na wateja wanaohama. Mtu wa mawasiliano asiyeweza kusoma hesabu za taasisi yake atabaki kupanga viti na mabango. Jifunzeni hesabu hizo. Kaeni na wahudumu wa dawati la malalamiko, msikilize simu zinazopigwa. Mkiingia kikaoni, leteni kile ambacho hakuna mwingine mezani anacho: jinsi walio nje watakavyoupokea uamuzi, na kwa nini.

Baadaye, kwenye taasisi nyingine, nilikutana tena na jambo la kupunguza wafanyakazi. Safari hii niliitwa wiki tatu kabla. Nikauliza swali lilelile la tarehe. Mhasibu akafungua vitabu vyake, akapiga hesabu pale pale, akasema malipo hayawezekani kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Basi tangazo zima likasogezwa hadi fedha ziwepo, na wakuu wa idara wakapewa siku mbili za kuzungumza na watu wao ana kwa ana. Barua niliiandika kwa dakika 20. Ilikuwa na aya tatu, na tarehe ilikuwa kwenye aya ya kwanza.

Karibuni kwa maswali.