Husuni Kubwa: kasri lenye ghala mlangoni

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote karibuni. Nimeombwa nizungumzie kasri la kifalme, na najua wengi wenu mlitegemea Beit al-Ajaib. Lile la Unguja lina wasemaji wengi. Mimi nitawapeleka Kilwa Kisiwani, kwenye Husuni Kubwa, kwa sababu jengo lile halifichi fedha ya mfalme ilitoka wapi.

Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, mwanzoni mwa karne ya 14. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipofukua magofu yale miaka ya 1960, jina la sultani huyo lilikutwa limechongwa kwenye jiwe. Zama hizo dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa Kilwa. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan imeokotwa mbali bara, kwenye magofu ya mji wa kale wa Zimbabwe Kuu.

Sasa tuingie, na tuingie kwa upande wa kusini. Mtu angetarajia kukutana na ukumbi wa fahari. Hapana. Unakutana na ua mpana uliozungukwa na vyumba vya kuwekea mali. Ghala kwanza, mfalme baadaye! Ukiendelea kaskazini ndipo unafika kwenye baraza lenye ngazi za kukalia, kisha birika la kuogea la pembe nane, kisha makazi yenyewe kwenye ncha ya jabali, mbele yako bahari tupu. Jahazi likiingia bandarini, jengo hilo ndilo lililotangulia kuonekana. Vyumba vinapita 100. Na lile birika, ndugu zangu, liko juu ya jabali lisilo na mto. Maji ya kulijaza hayakujileta. Wasifiao birika husahau kumtaja mchotaji.

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo fundi anapoonekana. Vyumba vingi vya Husuni ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana meta 3. Sababu ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, nayo ilibebwa na miti ya mikoko; mti wa mkoko una urefu wake, na ukiulazimisha kuvuka nafasi kubwa utapinda. Kwa hiyo sultani, pamoja na dhahabu yake yote, alilala katika chumba kilichopimwa na mkoko. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Kazi ya nakshi ilitaka matumbawe laini ya baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kama muhogo, yakikauka huwa magumu. Chokaa nayo ni matumbawe hayohayo, yamechomwa juu ya magogo.

Penye kuba na matao fundi aliweza kuikwepa boriti. Wataalamu wameufananisha mpangilio wa Husuni na majumba ya Iraki, na si ajabu: tarikh ya Kilwa, maandishi ya kale ya historia ya mji huo, inasema al-Hasan alisoma Aden ujanani kabla ya kwenda hija. Ramani huenda ilivuka bahari. Mawe, chokaa na jasho ni vya hapahapa, na mimi sioni kwa nini tushindane kama jengo ni la wageni au la wenyeji.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyuhuyu. Anaueleza ukarimu wake: fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa akitoka sala ya Ijumaa, naye akazivua akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi, na baba akaongeza wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husimuliwa kwa sifa. Mimi huwahesabu wale watu 20, kisha hulikumbuka birika. Juu ya kasri lenyewe, msafiri yule hakuandika hata neno.

Husuni halikukamilika, wala halikukaliwa muda mrefu. Magofu ya Kilwa yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014 baada ya kuta kukarabatiwa. Adui mkubwa alikuwa mawimbi yanayoula ufuko, na sehemu ya kinga ilikuwa kupanda mikoko.

Maswali, karibuni.