Mkaa Ukishashiba, Mnaupeleka Wapi?

Ndugu zangu wa Mtwara, habari ya dawa za vidonge tunavyomeza kufika kwenye maji mmeshanisikia nikiisema, siirudii; leo ni huo mkaa wa kuzichuja. Nianze na yule atakayesema, "Sisi tunachemsha." Chemsheni, vijidudu vitakufa. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, haifi, maana haikuwa hai. Mvuke ukiondoka inabaki sufuriani, tena imekolea.

Sasa maganda ya korosho. Kila msimu yanarundikana kwenye viwanda vya kubangulia, na hakosi kijana wa kuniletea mkaa wa chujio aliouchoma kwenye pipa, moshi umewasha macho mtaa mzima. Mwanangu, ganda lile lina mafuta karibu robo ya uzito wake, na yanababua. Wabanguaji wanaijua adhabu yake. Kamua kwanza, mafuta yana soko, hutumika kwenye breki za magari na kwenye rangi. Kisha choma ganda bila hewa, ulipitishie mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hivi, ndipo vitundu vifunguke. Gramu 7 za mkaa amilifu, yaani huo uliofunguliwa vitundu, ulio mzuri zina eneo la ndani la kukaribia uwanja wa kuchezea pale Nangwanda Sijaona. Mkaa wa kuchomea mihogo haufiki huko, tusidanganyane.

Hapo mnapopiga makofi ndipo mimi ninapokasirika. Dawa haijaangamizwa, imenaswa tu! Mkaa una kikomo, na maji ya karo yana uchafu mwingine mwingi unaogombea vitundu hivyohivyo. Ukijaa, dawa inapita kama ilivyokuja. Kuna wakati uchafu unaonata zaidi huibandua dawa iliyotangulia, ikatoka nyingi kuliko inayoingia. Chujio hilo sasa linasafisha nini? Upo mradi, siutaji, mkaa wake ulipochoka ukamwagwa kwenye tuta la mchicha. Mchicha, jamani! Anayetaka kunionyesha chujio anionyeshe kwanza tanuri la kuuchoma upya ule mkaa, na atakayelipia moto wake.

Nilitaka kueleza kwa nini diklofenaki hunaswa vizuri zaidi maji yakiwa na tindikali kidogo, lakini mwenyekiti keshaniangalia mara mbili. Vifuu vya nazi vinafaa, tena havina shida ya mafuta yale, hayo yatoshe. Na mama wa mlonge, mkono wako nimeuona: mbegu zilizosagwa hutuliza tope, mama, ila kwa dawa iliyoyeyuka usizitegemee.