Koo la mtoto, moyo wa mtoto

Wazazi wenzangu, walimu, shikamooni wakubwa zangu.

Nianzie mnada wa Msalato. Mfugaji aliyeibiwa ng'ombe hutazama alama aliyokata sikioni. Akiiona, anakamata. Ikitokea alama ya mwingine inafanana na yake, ng'ombe asiyehusika anaswagwa.

Kinga ya mwili nayo husoma alama. Askari wake hawamwangalii mdudu mzima, wanasaka vipande vidogo vya protini alivyobeba. Bakteria wa koo, streptokokasi wa kundi A, ana protini iitwayo M, na vipande vyake vinafanana na protini za moyo. Mwili unamshinda, halafu kwa watoto wachache askari walewale wanaugeukia moyo, hasa vali zake, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Ndiyo homa ya baridi yabisi.

Kinachotupoteza ni ukimya wa katikati. Koo linapona, mtoto anacheza wiki 2, 3, hata 4. Kisha goti linavimba. Siku chache baadaye limepoa, kimevimba kifundo cha mguu.

Namkumbuka binti wa miaka 11 kutoka Bahi. Mama yake alidhani ameteguka goti akicheza rede. Nilipoweka kiganja kifuani pake, moyo ulikuwa unatwanga. Nikauliza habari za koo. Mama akafikiri kidogo: "Aa, hilo lilikwisha, daktari. Tulimkata kimeo."

Nasema hili kwa uchungu, maana yule mama alimpenda mwanawe na alilipia wembe ule. Kukata kimeo hakumtoi bakteria. Kunaongeza kidonda.

Makoo mengi huumwa kwa sababu ya virusi, na antibiotiki haziyasaidii, kwa hiyo msikimbilie duka la dawa. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, koo jekundu na matezi ya shingo yanayouma, hana mafua wala kikohozi, apelekwe akapimwe. Kama ni streptokokasi, penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado huukinga moyo.

Mishipa ya fahamu nayo haijasalimika. Kampilobakta, bakteria wa kuharisha anayekaa kwenye kuku asiyeiva, anaweza kuuchanganya mwili hivyohivyo, mtu akapooza kuanzia miguuni. Na mwaka 2022 watafiti wa Marekani, wakitumia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba hatari ya maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo, hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea kwa mate.

Turudi kwa binti yetu. Anachomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 4. Inauma, anachechemea hadi jioni. Vali iliyokwisha kukunjamana haitanyooshwa na sindano, ila kila koo jipya lingewaamsha askari wale tena. Siku ya sindano hukosa vipindi vya asubuhi, na mwaka jana alichapwa kwa utoro. Walimu wangu, mtoto kama huyu akija na kadi yake, naomba mpeni ruhusa.