Kujitia Hamnazo: Judy Holliday Mbele ya Kamera na Mbele ya Maseneta

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunamzungumzia Judy Holliday, mwigizaji wa Marekani ambaye Hollywood ilimtaka kwa jambo moja tu, nalo ni kuigiza mrembo mwenye nywele za dhahabu, sauti nyembamba inayotokea puani, na kichwa kitupu. Kaka Salim, ni wewe uliyeng'ang'ania mada hii.

SALIM: Niling'ang'ania, dada Rehema, kwa sababu ya tarehe 26 Machi 1952. Siku hiyo Judy Holliday alihojiwa mjini Washington na kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, katika kipindi ambacho wasanii wengi walilazimika kuchagua ama kuwataja wenzao ama kukosa kazi. Yeye hakumchongea mtu, hakufungwa, na sinema hazikumtupa. Wengi wanaamini kwamba kilichomwokoa ni ule uhusika wa mjinga aliobandikwa na studio, nami ni miongoni mwao.

REHEMA: Mimi nina shaka kidogo, na tutafika huko. Kwanza wasikilizaji wajue kwamba mjinga hakuwa. Alizaliwa New York tarehe 21 Juni 1921 kwa jina la Judith Tuvim, jina linalotokana na neno la Kiebrania la sikukuu, hivyo alipojiita Holliday alikuwa amelitafsiri tu. Waandishi wa maisha yake hawachoki kutaja kwamba alipopimwa akili utotoni alipata alama 172, ingawa binafsi sioni kama alama hizo zinatueleza mengi.

SALIM: Hata mimi sizijali sana. Kinachonivutia ni kazi yake ya kwanza, kwa sababu alianza kwa kupokea simu kwenye swichibodi, yaani mtambo wa kuunganisha simu, ya Mercury Theatre, jumba la maigizo la mwongozaji Orson Welles, kisha mwaka 1938 akajiunga na Betty Comden, Adolph Green na wenzao wengine katika kikundi cha The Revuers, kilichoonyesha vichekesho vya kejeli kwenye klabu ya Village Vanguard. Vijana hao walijitungia michezo yao wenyewe kwa sababu hawakuwa na fedha za kuwalipa watunzi.

REHEMA: Kwa hiyo alikuwa mtu wa kejeli kabla ya kuwa mtu wa kuchekwa. Hollywood ilimwita mara ya kwanza mwaka 1944, ikampa vipande vidogo vidogo, naye akarudi New York bila kishindo. Kilichomgeuza ni tamthilia ya Born Yesterday ya Garson Kanin. Mwigizaji mkuu, Jean Arthur, alijitoa wakati tamthilia ingali katika maonyesho ya majaribio, na Holliday akalazimika kuukariri uhusika wote kwa siku chache tu. Ilipofunguliwa Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia New York, mwezi Februari 1946, watu walimiminika, na hatimaye ikaonyeshwa mara 1,642.

SALIM: Kisa chenyewe kinamhusu Billie Dawn, kimada wa tajiri mmoja wa vyuma chakavu anayekwenda Washington kuwahonga wanasiasa. Tajiri anamwonea haya huyo bibi, basi anamwajiri mwandishi wa habari amfundishe adabu za mjini. Bibi anaanza kusoma magazeti na kufungua kamusi, na siku moja anazisoma zile karatasi za tajiri alizokuwa akizitia sahihi kila mara bila kuuliza.

REHEMA: Hapo ndipo tajiri anapojua kwamba amelipia msiba wake mwenyewe! Lakini ninachotaka tukae nacho ni lile onyesho la karata katika filamu ya mwaka 1950 iliyotokana na tamthilia hiyo. Nasikitika kwamba hatuwezi kuwasikilizisha, kwa sababu karibu hakuna maneno ndani yake. Bibi na bwana wanacheza karata. Yeye anazipanga, anazipangua, anazipanga upya kama mwanamke anayepanga vyombo kabatini, huku akiimba chini kwa chini, na bwana anazidi kuvimba kwa hasira. Kisha, kabla bwana hajajua kinachoendelea, bibi anaziweka karata mezani na kuchukua ushindi, mara moja, mara ya pili, bila hata kufurahi. Mtazamaji anacheka, halafu anajiuliza mjinga hapa ni nani.

SALIM: Umelieleza vizuri kuliko wahakiki wengi, dada. Mimi naongeza kwamba uimbaji ule wa chini kwa chini umepimwa kama muziki. Mtu asiye na akili hawezi kukosea kwa wakati barabara namna ile.

REHEMA: Na bado Harry Cohn, bwana mkubwa wa studio ya Columbia, aliyelipa dola milioni 1 kununua haki za tamthilia hiyo, hakumtaka. Alitaka nyota wa sinema. Inasimuliwa kwamba Katharine Hepburn na mwongozaji George Cukor walifanya njama ya kirafiki, wakampa Holliday nafasi katika Adam's Rib ya mwaka 1949, akiwa mke aliyempiga mumewe risasi. Katika mahojiano ya gerezani, kamera inamkazia macho Holliday kwa muda mrefu, huku Hepburn, nyota mwenyewe, akimwachia uwanja. Cohn akasalimu amri, na mwezi Machi 1951 Holliday akatwaa Oscar akiwapita Bette Davis na Gloria Swanson.

SALIM: Kumbuka kwamba wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kuchapishwa katika Red Channels, kijitabu cha Juni 1950 kilichowaorodhesha watu 151 wa redio, televisheni na sanaa waliodaiwa kuwa na urafiki na ukomunisti. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walimchunguza na hawakumkuta kuwa mwanachama wa chama hicho, lakini milango ya redio na televisheni ilimfungia kwa muda. Ndipo akafikishwa mbele ya kamati.

REHEMA: Sasa nieleze, kaka, alijitia hamnazo namna gani?

SALIM: Alijibu kwa kuzunguka. Alisahau, alishangaa, alitoka nje ya swali kisha akarudi kwa mlango mwingine, mpaka waulizaji wakachoka. Walipomuuliza kuhusu Comden na Green, marafiki zake wa tangu Village Vanguard, hakuwatia hatiani. Ni Billie Dawn na karata zake.

REHEMA: Hapo ndipo shaka yangu ilipo. Simulizi hiyo ni tamu mno, na inatufanya tusahau bei aliyolipa. Ili aachiliwe ilimbidi akiri mbele ya wanaume wale kwamba alikuwa mzembe na mjinga, kwa sababu tu aliwahi kuunga mkono shughuli ambazo alidhani ni za heri. Billie Dawn aliingia mjinga akatoka mwerevu, lakini Holliday alilazimishwa kuifuata njia hiyo kinyumenyume.

SALIM: Hilo nalikubali, na sikuwa nimelitazama hivyo.

REHEMA: Baada ya hapo Columbia iliendelea kumpa kitambaa kilekile kwa mshono tofauti. Mwaka 1954 ni mwanamke anayekodi bango la barabarani ili aandike jina lake, akiwa na Jack Lemmon katika filamu yake kubwa ya kwanza. Mwaka 1956, katika The Solid Gold Cadillac, ni mwenye hisa chache anayewauliza wakurugenzi wa kampuni maswali mepesi ambayo hawawezi kuyajibu.

SALIM: Waliomtoa kidogo kwenye boksi hilo ni marafiki zake. Comden na Green walimwandikia tamthilia ya muziki Bells Are Ringing, ambamo ni mpokeaji simu anayeshindwa kujizuia kuingilia maisha ya wateja. Ilifunguliwa Broadway Novemba 1956, akashinda tuzo ya Tony, ile ya tamthilia za Broadway, mbele ya Julie Andrews wa My Fair Lady. Filamu ya tamthilia hiyo, ya mwaka 1960, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake.

REHEMA: Saratani ya matiti ilimchukua tarehe 7 Juni 1965, akiwa na umri wa miaka 43. Msikilizaji ambaye hajamwona hata mara moja aanze na filamu ipi, kaka?

SALIM: Aanze na yale mahojiano ya gerezani, kisha aende kwenye karata. Mpokeaji simu wa Bells Are Ringing amweke mwisho.